Macho ya Watu wa Lakishi

Upande wa Kinango walimjua Chirau kwa kazi ambayo hakuna aliyeifuata kwake kwa furaha. Ukimwona mtu amefika uani kwake asubuhi, kavaa nguo ya heshima na kukalia ukingo wa kiti kama mtu asiyekusudia kukaa, basi ulijua kwao kuna marehemu anayewasumbua. Chirau alichonga koma, vile vigingi vya mti wa muhuhu ambavyo Waduruma huwasimamishia wazee wao waliotangulia, ili wapate mahali pa kukaa, wamiminiwe tembo lao la mnazi, waache kuwajia wajukuu ndotoni.

Koma haifanani na mtu yeyote. Ni duara la kichwa, shingo, na mwili mrefu wenye vichoro vya pembetatu. Kinachoifanya iwe ya mtu fulani ni macho, na katika ukoo wa kina Chirau macho yalikuwa kazi ya mwisho. Mchongaji alitia ncha ya patasi mahali pa jicho, na pale pale anapolifungua alitamka jina la marehemu, si kwa sauti kubwa, bali kama mtu anayemwita mwenzake aliyeko chumba cha pili. Baba yake alimfundisha hilo kabla hajamfundisha kunoa tezo. "Jicho lililofunguliwa bila jina," alimwambia, "huazima." Hakumweleza huazima nini, na Chirau hakuuliza.

Katika boma lao kulikuwa na koma za wote waliostahili, isipokuwa ya mtu mmoja. Kaka yake, Mangi, alichukuliwa Keya, jeshi la Waingereza, wakati wa vita vya Wajerumani na Wajapani, akapelekwa Bama, huko Asia. Waliorudi walisema walimwona mara ya mwisho kwenye kivuko cha mto, mvua ikinyesha, na kwamba ng'ambo ya pili hawakumwona tena. Serikali nayo ilimjibu chifu kuwa Mangi hakuwa miongoni mwa waliokufa wala miongoni mwa waliorudi. Mama yao, Dama, aliyasikia hayo, akainuka, akaenda kuchota maji. Tangu siku hiyo, kila jioni alitenga sima kwenye bakuli la Mangi, akalifunika, akaliweka kando ya mlango. Asubuhi aliwapa kuku. Hakuna aliyethubutu kumwambia Chirau amchongee kaka yake koma. Kumtaja mtu kwenye macho ya koma ilikuwa ni kumpeleka kwa wafu, na mama alikuwa bado anamtengea chakula.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka mwaka ule wa Uhuru, ambao Wazungu wengi wa Diani walikuwa wakiuza nyumba zao na kufunga masanduku. Mmoja hakufunga. Alikuwa mzee mrefu aliyeinama kidogo, watu wa Galu, ufuo alikokaa, wakimwita Bwana Mawe, kwa sababu ujana wake wote aliumalizia Iraki akifukua miji iliyofunikwa na udongo. Kiswahili chake kilikuwa na Kiarabu kingi kuliko cha Waswahili wenyewe. Wenzake walipokuwa wakiuza, yeye alijenga ukuta. Aliujenga mrefu, kuanzia pembe ya baraza hadi kwenye mikadi iliyo karibu na ufuo, kwa jiwe la matumbawe laini, lile linalokatwa likingali na maji ndani yake. Ukuta ulipokwisha kunyooka, akatafuta mtu wa kuuchonga.

Mwashi aliyeujenga alikuwa Matano, Mdigo wa Msambweni, mtu mnene mwenye kofia safi hata saa ya kazi. Ndiye aliyemwambia Bwana Mawe habari za Chirau, na ndiye aliyempokea siku ya kwanza.

"Karibu, mtani. Nimekutafutia kazi ambayo sitaki kuifanya."

"Kwa nini huitaki? Ni ngumu?"

"Si ngumu. Anataka sura za watu. Sisi tumekatazwa. Siku ya kiyama mchongaji ataambiwa, haya, vitie roho ulivyoviumba. Nikaona bora aambiwe Mduruma, nyinyi mmezoea kuongea na magogo."

Chirau alicheka. "Na wewe utakuwa wapi siku hiyo?"

"Nitakuwa nyuma yako, nikisema mimi nilijenga ukuta tu."

Bwana Mawe alitandika picha juu ya meza ya baraza na kuzizuia kwa vipande vya jiwe zisipeperuke. Zilikuwa picha za mawe ya kale yaliyochongwa kwenye jumba la mfalme wa Ashuru, katika mji wa Ninawi. Mawe yenyewe, alisema, yako London, na yeye hana nia ya kurudi London kuyatazama. Aliyataka hapa.

"Ninawi ndio mji wa watu wa Nabii Yunus," Matano alisema, akijisogeza.

"Naam, ndio huo. Lakini huu unaouona hapa ni mji mwingine. Ni Lakishi, mji wa Wayahudi, wauzingirao ni watu wa Ninawi."

Chirau aliinama. Kwanza aliona vurugu tupu. Halafu jicho lake likapata njia, likaona. Palikuwa na mji juu ya kilima, wenye minara. Chini yake jeshi lilikuwa limejenga miteremko ya udongo na mawe hadi kwenye ukuta, na juu ya miteremko hiyo zilisukumwa gari zenye magogo marefu ya kubomolea. Walio juu ya ukuta walirusha mienge iwake juu ya magari, na ndani ya kila gari alisimama askari mwenye upawa, akimwaga maji gogo lisishike moto. Wapiga mishale walipiga magoti nyuma ya ngao ndefu kuliko wao. Kando, watu watatu walikuwa wametundikwa juu ya miti kama samaki wa kukaushwa. Na chini ya mnara wa lango, huku vita vikiendelea, wanawake walikuwa wakitoka na mizigo begani, wametulia, kama watu wanaokwenda kuteka maji.

Hakuhitaji kuelezwa. Bibi yake alikuwa mtoto wakati Wakwavi, wavamizi kutoka bara, walipoketi nje ya kaya, ngome yao ya msituni, mavuno yakiwa shambani. Aliwasimulia jinsi watu walivyojifungia msituni nyuma ya malango, wakisikiliza mahindi yao yakiliwa, na kisima kiko nje. Watu walitafuna ngozi za kulalia. Alisema jambo baya kuliko njaa lilikuwa sauti za vicheko, kwa kuwa adui aliyekuzingira hana haraka.

"Hawa walio juu ya ukuta ni kina nani?" Chirau aliuliza.

"Watu wa mji."

"Majina yao?"

Bwana Mawe alimtazama kuona kama anatania. "Fundi, ni zaidi ya miaka elfu mbili na mia sita. Jina lililoandikwa ni la mfalme peke yake, hili hapa mbele ya uso wake. Walioshindwa hawakuandikwa."

"Basi hawana wa kuwamiminia," Chirau alisema.

"Kuwamiminia nini?"

"Hapana, Bwana. Nilikuwa nikijisemea mwenyewe."

Akaikubali kazi. Alilala katika kibanda cha mafundi, na Jumamosi alipanda lori la nazi hadi Kwale, kisha akakata njia ya miguu kwenda kwa mama yake na mkewe, Jumwa.

Jiwe la matumbawe lilikuwa jepesi mkononi kwa mtu aliyezoea muhuhu. Alianza na minara, akaja kwenye miteremko, akaja kwenye magari na ngao. Askari aliwachonga haraka, wote mamoja, kama walivyokuwa kwenye picha, ndevu moja, pua moja. Watu wa mji nao walikuwa na sura moja, duara la kichwa na ndevu fupi, na jambo hilo lilimtuliza. Alijiambia huyo aliyewachonga mwanzo alikuwa fundi kama yeye, mwenye kujua kuwa sura si kitu.

Lakini macho hakuyagusa. Wiki zilipita, mji wote ukawa umesimama ukutani, adui na wenyeji, vipofu. Jioni jua lilipowalalia, nyuso zile laini zilionekana kama zimefunikwa kwa kitambaa chepesi.

"Macho lini, fundi?" Bwana Mawe aliuliza.

"Mwisho, Bwana."

"Mwisho umefika."

Asubuhi hiyo Chirau alichagua mzee mmoja aliyekuwa juu ya mnara wa kushoto. Alitia ncha ya tindo, akagonga, na kinywa chake, bila kumwuliza, kikasema, "Ngala." Lilikuwa jina la baba yake.

"Nani unayemwita?" Matano aliuliza kutoka upande wa pili, alikokuwa akikoroga chokaa.

"Nasafisha koo."

"Safisha, lakini usinitilie marehemu wetu humo hata mmoja. Sisi tuna makaburi yetu, na wametulia."

Hapo Chirau angeweza kuacha. Alijaribu, alilifungua jicho la mtu wa pili huku amebana meno, na tindo likateleza hata akakaribia kulipasua shavu. Mkono wake na kinywa chake vilikuwa vimefundishwa pamoja na havikujua kufanya kazi mbalimbali. Basi akaona, kuna ubaya gani? Watu hawa hawana majina, na mimi nina wafu wengi. Akampa wa pili jina la babu yake. Akampa mwanamke wa langoni jina la bibi, yule wa kaya. Wajomba wakapata nafasi zao, na shangazi aliyekufa kwa uzazi, na majirani waliokwenda kwa ndui. Ilimfurahisha kidogo, kama mtu anayewagawia wageni vyumba. Kwa askari wa Ashuru aliwapa majina ya Wakwavi yaliyobaki katika masimulizi, na yalipokwisha akawapa ya watu waliowahi kumdhulumu baba yake.

Ukuta ulianza kubadilika. Jiwe la pwani hutoa jasho la chumvi, hilo kila mwashi analijua, na Matano alimwambia asishangae akiona nyuso zinalowa asubuhi. Lakini waliolowa walikuwa wale waliofunguliwa macho. Chumvi ilikauka chini ya macho yao ikaacha mistari myeupe. Na Chirau alianza kusikia kwamba akigonga tindo, kuna mlio mwingine unaofuata, mdogo, uliochelewa, kama wa mtu anayegonga kutoka ndani. Alisema ni mwangwi wa baraza. Akazunguka nyuma ya ukuta kutazama. Kulikuwa na mchanga mtupu na kaa mmoja mweupe.

Siku hiyo ilikuwa saa saba mchana, jua limekaa utosini. Matano na vibarua walikuwa wamekwenda kuswali na kula. Bwana Mawe alikuwa amelala. Bahari ilikuwa imekupwa mbali kabisa, hata sauti yake haikufika, na upepo ulikuwa umeanguka. Wenyeji hawapendi saa hiyo. Husema ni saa ambayo wasio na vivuli hutembea pamoja na wenye vivuli, kwa kuwa nasi vyetu havionekani. Chirau alitaka tu kumaliza mnara wa kati. Alikuwa amebakiza mtu mmoja, kijana aliyeinama juu ya ukingo na mwenge mkononi, akitazama chini kwenye gogo la kubomolea. Akatia ncha ya tindo, akatafuta kichwani jina. Hakulipata. Wafu aliowajua walikuwa wamekwisha.

Lakini nyundo ilikuwa imekwisha kuinuka.

"Mangi," kinywa kikasema.

Alilisikia jina likiwa limekwisha kutoka. Akabaki na nyundo hewani. Na kutoka upande wa pili wa ukuta, karibu, bila hofu wala haraka, mtu akaitika:

"Naam."

Ndivyo alivyokuwa akiitika Mangi baada ya kupita kambini, alipokuja likizo mara ile ya mwisho na kuwachekesha wote. Kabla ya hapo alikuwa akiitika "Ee," kama watu wote wa nyumbani.

Chirau hakwenda nyuma ya ukuta. Alikaa chini, mgongo wake kwenye mguu wa meza, mpaka Matano aliporudi na kumkuta hivyo.

"Umepigwa na jua?"

"Nimemtaja kaka yangu."

Matano aliijua habari ya Mangi. Alivua kofia, akaipangusa, akaivaa tena. "Basi litaje jina jingine juu yake. Futa."

"Jina si chaki, Matano."

"Yabomoe hayo macho."

"Macho ya koma hayabomolewi. Ukiyabomoa umemuua mara ya pili."

"Mara ya pili?" Matano alimtazama. "Kwani ya kwanza umekwisha kuihesabu?"

Hilo ndilo lililomkata. Kwa miaka yote Mangi alikuwa hajafa wala hajarudi, na katikati ya hayo mawili mama yao aliishi. Sasa Chirau alikuwa ameingia hapo katikati na tindo. Kama kaka yake alikuwa hai, mahali fulani, katika nchi ya mvua, na mke na lugha nyingine, basi huenda ameanguka mchana huu mbele ya watoto wake bila ugonjwa. Na kama alikuwa amekufa, nani atamwambia mama?

Jioni Bwana Mawe alitoka na kikombe chake, akapita mbele ya mji polepole, akitabasamu. Mbele ya mnara wa kati akasimama.

"Huyu ana sikio lililochanika. Kwenye picha halipo."

Chirau alitazama. Ncha ya sikio la kushoto ilikuwa imekatika, kama sikio la Mangi lilivyokatika utotoni walipokuwa wakigombea panga. Hakukumbuka kulichonga. Mkono wake haukuwa umepita pale.

"Jiwe lilikuwa na ufa, Bwana," alisema.

Jumamosi alirudi kwao kama mtu anayekwenda kujishtaki. Jumwa alimlaki njiani kabla hajafika uani, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Mama amebadilika. Tangu katikati ya wiki hajatenga chakula. Bakuli lile ameliosha, amelifudikiza. Nikamwuliza, Mayo, leo humwekei mwanao? Akaniambia, amekwisha kula kwingine."

Dama alikuwa amekaa nyuma ya nyumba na ungo mapajani. Ukungu ulikuwa umeyafunika macho yake yote mawili, na siku hizi alipepeta kwa kusikiliza mtama ukianguka.

"Shikamoo, Mayo."

"Marahaba, mwanangu. Keti." Akaendelea kupepeta. "Nilikuwa hapa hapa, mchana, jua kali. Nikamsikia Mangi akiitika. Naam, kama walivyofundishwa Keya. Nikafurahi, kisha nikajiuliza, mbona mimi sikumwita?" Akaushusha ungo. "Nani alimwita mwanangu, Chirau?"

Chirau alimweleza yote. Alieleza mji, na adui walioketi nje, na jinsi majina yalivyomwishia. Alingoja apigwe, au asikie kilio. Dama alisikiliza mpaka mwisho, huku akichambua kijiwe kwenye mtama.

"Kumezingirwa huko?"

"Kumezingirwa, Mayo."

"Kama kaya, kwa Wakwavi?"

"Kama kaya."

"Na baba yenu yumo?"

"Yumo. Mnara wa kushoto."

Alifyonza. "Huyo lini alimpa mtoto chakula? Nipeleke."

Jumatatu walishuka na lori lile lile la nazi, Dama akiwa mbele kwa dereva, mfuko wake wa kisutu umekumbatiwa. Bwana Mawe aliinuka barazani, akamwamkia shikamoo kwa adabu, akadhani mama wa fundi amekuja kuiona kazi ya mwanawe. Aliagiza chai. Dama hakukaa. Aliomba apelekwe mwanzo wa ukuta, akaweka kiganja juu ya jiwe, akaanza kutembea.

Alipita juu ya ngao, juu ya wapiga mishale, vidole vikisoma. Alipofika kwenye mnara wa kushoto aliguna, "Wewe," akapita. Chirau alikuwa amekusudia kumwambia, mbele kidogo, hapo juu. Hakuwahi. Mkono wa mama uliinuka wenyewe hadi mnara wa kati, ukaukuta uso wa kijana, ukapanda kwenye sikio, ukatulia. Vidole vyake vikalowa chumvi. Matano, aliyekuwa akitazama kutoka kwenye rundo la mchanga, alianza kusoma kitu kwa midomo.

"Amekonda," Dama alisema.

Kiganja chake kikashuka hadi kwenye ngao zilizo chini ya mnara.

"Hawa walio nje wataondoka lini?"

"Hawaondoki, Mayo. Mji unachukuliwa."

"Na wanawake je?"

Chirau alimshusha hadi langoni, akamwekea mkono kwenye mstari wa watu wanaotoka, wenye mizigo, na gari la ng'ombe lililopakia wanawake na watoto wa kupelekwa mbali. Bibi yake alikuwa hapo, na shangazi. Mwisho wa mstari, nyuma ya gari, alisimama mwanamke mmoja ambaye Chirau alikuwa hajamfikia.

"Huyu hajafunguliwa," Dama alisema.

"Bado."

"Ni wa nani?"

"Hana mtu, Mayo. Wafu wameniishia."

"Basi mimi."

Chirau alimshika mkono auondoe. Hakuuondoa. "Mayo, wewe uko hai."

"Na yeye si tulikuwa tukisema yu hai? Basi tutasemwa hivyo sote wawili." Aligeuka, yale macho meupe yakamtazama kando ya uso. "Umemwingiza mtoto katika mji uliozingirwa, Chirau, usiku na mchana adui wanacheka nje. Unataka akae na nani? Na baba yako?"

"Mama, astaghfirullah," Matano alisema kutoka mchangani. "Usijitie mwenyewe mahali kama hapo."

"Wewe ni Mdigo, nyamaza. Wa kwako wametulia."

"Siwezi, Mayo," Chirau alisema.

"Usipoweza, nitafungua mimi. Mkono wangu haujui kazi hii, nitamvunja uso, na wewe unajua hilo ni nini. Lete tindo."

Bwana Mawe aliwatazama wote kwa zamu, kikombe mkononi, akingoja mtu amfasirie. 

Chirau alichukua tindo. Alikuwa amepata hila moja tu: atafungua macho kimya, aume ulimi, jina lisitoke. Kama jicho hilo litaazima, na liazime kwake. Alilifungua jicho la kwanza, na kinywa chake kikapigana naye kama mnyama ndani ya gunia. Akaonja damu. Akahamisha ncha kwenye jicho la pili, akainua nyundo, na hapo, kabla haijashuka, mama yake, kiganja kikiwa juu ya jiwe, alisema kwa ile sauti ya kumwita mtu aliyeko chumba cha pili:

"Dama."

Nyundo ikashuka.

Wote walisikiliza. Bahari ilikuwa imekupwa. Hakuna aliyeitika nyuma ya ukuta; Chirau angeapa hivyo mpaka kufa kwake, na Matano pia. Lakini Dama aliinamisha kichwa, kama mtu anayesimuliwa jambo refu, akatikisa kichwa mara moja, akangoja, kisha akacheka. Kilikuwa kicheko chepesi ambacho Chirau hakuwa amekisikia tangu utoto.

"Amesema nini, Mayo?"

"Aliyekuwa akiambiwa si wewe." Akajifunga leso vizuri. "Chai ile bado ipo?"

Alikunywa vikombe viwili, akamsifu Bwana Mawe kwa sukari nyingi, akarudi Kinango siku iyo hiyo. Chirau alimaliza macho yaliyobaki ya askari kwa majina aliyoyatunga, akaondoka Galu kabla ya sherehe za bendera. Bwana Mawe hakumaliza mwaka wa pili. Aliiuza nyumba, ikapita mikononi mwa wengine, na nasikia ukuta umepakwa chokaa nyeupe zaidi ya mara moja, na kila mara chumvi huitoboa.

Dama aliishi miaka mingi baada ya Uhuru, mwenye afya kuliko alivyokuwa awali. Hakutenga tena chakula, wala hakumtaja Mangi, na usiku alilala bila kuamka. Chirau ndiye aliyekosa usingizi. Maana tangu siku ile, ukimwita mama yake, hakuitika mara moja. Aligeuza uso kwanza upande wa bahari, akatulia, midomo ikisogea kidogo, kama mtu anayemaliza mazungumzo na aliye karibu naye. Ndipo alipowageukia wa nyumbani na kusema, "Ee, mwanangu, ulikuwa ukisema?" Na nafasi ile iliyo kati ya mwito na jibu iliongezeka mwaka hadi mwaka, mpaka Chirau akazoea kumwita na kusimama mlangoni, mikono nyuma, akisubiri zamu yake.